Mrejesho: kumtafuta bibi aliyeletwa Tengeru akiwa mtoto

Niliuliza namna ya kufuatilia maisha ya bibi wa Kipolandi ambaye Wasovieti waliwahamisha familia yake kwa nguvu mwaka 1940, akapitia Iran hadi kambi ya wakimbizi ya Tengeru, karibu na Arusha. Ahsanteni sana, kumbukumbu zake zimepatikana.

Kosa lilikuwa kwenye jina. Baba akiwa Kowalski, binti huandikwa Kowalska. Ukitafuta kwa jina la ukoo kama lilivyo la baba, binti hatokei. Herufi ł ya Kipolandi nayo mara nyingi iliandikwa l kwenye kumbukumbu. Anzeni na Indeks Represjonowanych mtandaoni, orodha ya Kipolandi ya watu waliokandamizwa na Wasovieti: jazeni jina la ukoo la kuzaliwa, jina la kwanza la baba, mwaka wa kuzaliwa. Mwaka ukikataa, sogezeni mmoja nyuma au mbele. Kumbukumbu za baada ya kambi zitafuteni kwa jina la ndoa. Hapo jina linapobadilika ndipo nyayo hupotea.