Mrejesho: maji ya mvua kwenye saiti yangu, Mikindani

Wakuu, niliuliza kama kiwanja changu cha mteremkoni Mikindani kinahitaji kibali cha peke yake cha maji ya mvua. Shemeji aliyefanya kazi za ujenzi Marekani ndiye alinitia hofu. Kumbe kanuni aliyoitaja ni ya hukohuko: ukivuruga ardhi ekari 1 au zaidi, na maji yake yanaingia mtoni au baharini, lazima uwe na kibali na mpango wa maandishi wa kuzuia tope kabla hujachimba. Mimi nina robo ekari, tena Mtwara!

Huku nilihangaikia kibali cha kawaida cha ujenzi. Mhandisi alitazama ramani akauliza, "Maji ya paa na ya uwanja yanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Nikarudi na mchoro wenye mtaro.

Kabla mtaro haujachimbwa, mvua ikapiga usiku. Asubuhi lundo la mchanga limebaki nusu, udongo mwekundu umejaa uani kwa bibi jirani wa chini, mpaka ndani ya kinu chake. Hakugomba. "Mjukuu wangu, njoo uchukue mchanga wako." Heri angegomba.

Walionishauri nizuie tope kwa viroba vya mchanga walikuwa sahihi: nimevipanga safu mbili upande wa chini, nyuma yake shimo la kutuamisha maji, na mchanga nimeufunika turubai. Tuta la udongo mtupu msijaribu, langu lilisombwa siku ileile. Mvua ya juzi maji yalitoka rangi ya chai, si uji tena. Kinu nimekiosha mwenyewe.