Jamaa wa Mandvi na Mombasa: baba na binti, mtihani mmoja

Jumamosi, mwaka 2025

Mjomba Yusuf (Mombasa), 18:05
Assalamu alaikum, jamaa. Nawakumbusha sharti la kikundi hiki: tunaandika Kiswahili kamili bila vifupisho, kwa kuwa watoto wa huku hawasomi maandishi ya Kigujarati, na Bibi husomewa kila neno nami, nami sina nguvu tena za kufumbua "xaxa" na "cjui". Rehana, Bibi anauliza huo mtihani wako wa ualimu ni lini, na ukifaulu utaanza kazi lini.

Rehana (Mandvi), 18:21
Waalaikum salaam, Mjomba, shikamoo. Mwambie Bibi naubusu mkono wake. Mtihani ni mwezi wa Desemba. Swali lake la pili ndilo zito, kwa sababu kufaulu si kuajiriwa. Mtihani wenyewe huku India unaitwa TET, yaani mtihani wa kustahili kufundisha, unasimamiwa na Bodi ya Mitihani ya jimbo letu la Gujarat iliyoko Gandhinagar, na uko wa aina mbili: wa kwanza ni wa wanaotaka kufundisha darasa la 1 hadi la 5, wa pili ni wa darasa la 6 hadi la 8. Mimi nafanya ule wa kwanza. Alama ya kufaulu ni 90 kati ya 150, na anayeifikia hupewa cheti kinachomruhusu kungoja. Serikali ya jimbo ikitangaza nafasi, ndipo majina yanapopangwa kwa alama, nusu zikitoka kwenye TET na nusu kwenye masomo ya sekondari na ya chuo. Kwa hiyo aliyepata 90 amefaulu, lakini mwenye 125 atapita mbele yake.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), 18:26
Yaani mwanangu unakesha ili upate haki ya kusubiri?

Rehana (Mandvi), 18:29
Ndiyo, Mama Mdogo, na hata hiyo haki haipatikani kila mwaka. TET ya kwanza ilifanyika mara ya mwisho Aprili 2023, nami wakati huo nilikuwa mwaka wa kwanza wa PTC, ile stashahada ya miaka miwili ya ualimu wa msingi. Mei 2025 jimbo likatangaza nafasi 4,100 za walimu kwa ajili ya wilaya yetu ya Kutch peke yake, na 2,500 kati ya hizo zilikuwa za darasa la 1 hadi la 5. Nilikuwa na PTC, sikuwa na TET. Nilisoma tangazo lile kama mtu anayetazama harusi ya watu kutoka barabarani.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 18:34
Mbona Kutch peke yake? Gujarat yote haina upungufu?

Rehana (Mandvi), 18:47
Upungufu uko kwingi, Mjomba, ila wa hapa una sababu yake. Kutch ndiyo wilaya kubwa kuliko zote nchini India kwa eneo, vijiji viko mbalimbali, na sehemu kubwa yake ni jangwa la chumvi. Mwalimu anapangiwa kazi huku akitoka Mehsana au Ahmedabad, anafika shule ambako watoto wa darasa la kwanza wanaongea Kikutchi, lugha iliyo jirani zaidi na Kisindhi kuliko Kigujarati, anakaa miaka michache, kisha anaomba uhamisho arudi kwao, na darasa linabaki bila mtu. Ndiyo maana nafasi zile ziliwekewa sharti kwamba anayezichukua hatahamishwa nje ya Kutch mpaka atakapostaafu. Wenzangu wa chuo waliotoka mbali waliliita kifungo. Mimi nimezaliwa hapa, naongea Kikutchi na nyumbani kwangu ni mwendo wa dakika kumi kutoka baharini, kwa hiyo zikitangazwa nyingine za namna hiyo sitasita.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 18:52
Bibi amecheka, anasema: "Kwani mtu wa Mandvi atahamia wapi, baharini?" Kisha ameanza habari za majahazi yaliyoundwa Mandvi na kutia nanga Bandari ya Kale hapa Mombasa. Nimemwambia hiyo tuiache kwa leo. Sasa tuzungumze fedha. Nimesikia vijana huhamia Gandhinagar kwa miezi kadhaa, wanapanga chumba kimoja watu wanne na kuhudhuria masomo ya kujiandaa. Niko tayari kuchangia. Sema kiasi.

Rehana (Mandvi), 19:10
Mungu akuzidishie, Mjomba, lakini sitaki kwenda. Naomba nieleze, isije ikaonekana ni kiburi. Sehemu za mtihani wangu ni tano, kila moja maswali 30: makuzi na malezi ya mtoto, Kigujarati, Kiingereza, hisabati, na mazingira pamoja na maarifa ya jumla. Hisabati na mazingira nazisoma kwenye vitabu vya shule vya jimbo, kuanzia cha darasa la 1 hadi cha darasa la 8, ambavyo tunavyo humu ndani tangu mimi na ndugu zangu tulipokuwa wadogo. Kigujarati kinachoulizwa si cha kuombea chumvi mezani, ni cha sarufi: kuunganisha na kutenganisha maneno, maneno ambatani, mizani ya mashairi. Hapo nimelegea na hapo nimemtafuta mwalimu mmoja hapa hapa Mandvi, jioni tatu kwa wiki. Kama ungependa kunisaidia, ninahitaji kuchapisha karatasi za majibu, maana kila Ijumaa tunafanya mtihani kamili wa majaribio, sisi wawili.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), 19:12
Wawili? Wewe na nani?

Rehana (Mandvi), 19:13
Na Baba.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), 19:13
Shemeji? Si amefundisha tangu wewe hujazaliwa!

Rehana (Mandvi), 19:31
Amefundisha miaka 24, na ndiyo maana hakuwahi kuifanya, kwa kuwa TET ilianza baada ya sheria ya elimu ya lazima ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika Aprili 2010. Tarehe 1 Septemba mwaka huu wa 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba hata walimu walioajiriwa kabla ya sheria hiyo, ikiwa wamebakiza zaidi ya miaka mitano kabla ya kustaafu, sharti waifaulu ndani ya miaka miwili, la sivyo waondoke kazini. Waliobakiza pungufu ya hapo wataendelea bila TET, ila hawatapandishwa cheo. Baba ana miaka 51 na huku anastaafu akiwa na 58. Siku aliposikia hukumu hakusema neno. Alikunja gazeti, akaenda kumwagilia mwarobaini ambao haukuhitaji maji, akarudi akaniuliza vitabu vyangu naviweka wapi.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 19:40
Mpe pole. Mwambie mimi niliyesomea ualimu Shanzu nikastaafu na chaki mkononi, leo ukinikalisha kwenye mtihani huo sijui kama nitatoka salama.

Mama Rehana (Mandvi), 19:44
Kaka, asikudanganye mtu, ameumia. Lakini sasa wanaamka wote saa kumi na moja alfajiri, na mimi ndiye ninayepika chai ya wanafunzi wawili, mmoja akiwa na mvi.

Hanif (Dar es Salaam), 20:02
Dada Rehana, nimetumiwa hii na rafiki yangu ambaye binamu yake yuko Rajkot. Wanasema ndiyo karatasi yenyewe ya Desemba. Iangalie haraka kabla haijafutwa.
*[faili limeambatishwa]*

Rehana (Mandvi), 20:04
Hanif, tafadhali lifute sasa hivi, kwa wote. Sijalifungua na silifungui.

Hanif (Dar es Salaam), 20:05
Nilidhani nakusaidia.
*[ujumbe umefutwa]*

Rehana (Mandvi), 20:20
Najua ndugu yangu, na sikukasirikii. Baba ameniagiza niandike haya kwa niaba yake, kwa sababu Kiswahili chake, kama mjuavyo, kinaishia kwenye "karibu chakula". Anasema karatasi za namna hiyo huuzwa kabla ya kila mtihani, na karibu zote ni maswali ya miaka iliyopita yaliyopangwa upya. Ikitokea moja ni ya kweli, hiyo ni mbaya zaidi. Januari 2023 mtihani wa makarani wadogo wa jimbo hili ulifutwa siku yenyewe ya kufanyika kwa sababu karatasi ilivuja, na watu zaidi ya laki tisa waliokuwa wamejiandikisha wakaambiwa warudi makwao, wengine wakiwa tayari wamelala stesheni. Muda mfupi baadaye jimbo likapitisha sheria ambayo kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Kwa mtahiniwa, kukutwa na faili kama hilo kwenye simu ni balaa ambayo haina haja ya kuisogelea.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 20:24
Hanif, umesikia. Na sheria ya kikundi imeongezeka.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), 20:31
Nimemwambia ana kwa ana, yuko hapa sebuleni kainamisha kichwa. Huku kwetu nako walimu wameanza kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira tangu mapema mwaka huu, na hao wauza maswali hawakukawia kutokea. Mtoto wa jirani yangu alikaribia kulipa.

Ijumaa iliyofuata

Rehana (Mandvi), 19:02
Matokeo ya majaribio ya leo. Mimi nimepata 117. Baba 74.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 19:05
Sabini na nne? Kwa hesabu anazozifundisha kila siku?

Rehana (Mandvi), 19:26
Hesabu hazikumwangusha, Mjomba. Sikiliza kilichotokea. Maswali ni 150 na muda ni dakika 120, yaani sekunde 48 kwa swali, na hapo ndani kuna kusoma, kufikiri, kuitafuta namba kwenye karatasi ya majibu na kujaza kiduara kwa kalamu ya wino ambayo haifutiki. Zamani TET hii ilipewa dakika 90 tu, kwa hiyo sisi tumehurumiwa. Swali la 61 lilimshinda, akaliruka kwenye kijitabu cha maswali, lakini kwenye karatasi ya majibu mkono wake haukuruka. Jibu la 62 akaliweka kwenye mstari wa 61, la 63 kwenye wa 62, akaendelea hivyo hivyo mpaka 97 ndipo akashtuka. Nilipozisahihisha upya kwa kusogeza mstari mmoja, alikuwa na 96. Kwa hiyo mtu aliyefaulu angeandikiwa ameanguka.

Mama Mdogo (Dar es Salaam), 19:28
Jamani, moyo wangu!

Rehana (Mandvi), 19:37
Tumeamua mambo mawili. Kwanza, atalaza rula chini ya mstari anaoujaza. Pili, haruki swali kabisa, kwa kuwa mtihani huu haukati alama kwa jibu baya. Lililomshinda atalijaza kwa kubahatisha na kuweka alama kwenye kijitabu ili alirudie akipata nafasi ya kuliwaza, mradi kiduara kisibaki kitupu. Hilo la pili alilikataa mwanzoni. Anasema miaka 24 amewakataza watoto kubahatisha, sasa aanze yeye.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 19:41
Namwelewa, na ninakubaliana nawe. Je, kwenye makuzi ya mtoto? Hapo naamini anakupita.

Rehana (Mandvi), 20:03
Hapo ndipo palipotushangaza. Kwenye majaribio ya Ijumaa iliyopita liliulizwa swali la Piaget, yule mtaalamu wa makuzi ya mtoto, kuhusu mtoto wa miaka mitano anayeona maji yakimiminwa kutoka chombo kipana kwenda chombo chembamba: je, atasema maji yameongezeka, yamepungua, au ni yale yale? Baba akajibu ni yale yale. Nikamwambia amekosa, akaniambia kitabu ndicho kimekosa. Tukamwita mtoto wa jirani, ana miaka mitano kasoro. Nikaweka bilauri mbili pana zinazofanana, nikatia sharubati ya waridi sawa kwa sawa, naye akakubali kwamba ziko sawa. Kisha mbele ya macho yake nikaimimina moja kwenye ile bilauri ndefu nyembamba ya Mama, na sharubati ikapanda juu. Nikamuuliza ipi ina nyingi. Hakusita, akaikumbatia ile ndefu kwa mikono miwili na kuinywa, asije mtu akaibadilisha.

Mama Rehana (Mandvi), 20:05
Na bilauri yangu imepata ufa.

Rehana (Mandvi), 20:16
Baba alikaa kimya, halafu akasema kwamba maisha yake yote amefundisha darasa la nne, na mtoto wa miaka tisa hadanganyiki na bilauri. Kumbe alilijibu swali kwa watoto anaowajua. Tangu hapo anayapenda maswali ya sehemu hiyo. Jana alinisimamisha mlangoni kunieleza habari za Vygotsky, mtaalamu mwingine wa makuzi ya mtoto, kwamba kuna jambo ambalo mtoto haliwezi peke yake ila analiweza akishikwa mkono kidogo, na kwamba yeye amekuwa akilifanya hilo tangu mwaka 2001 bila kujua kwamba lina jina.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 20:22
Haya nimemsomea Bibi yote. Ana maswali mawili. La kwanza, ukipata kazi mshahara ni kiasi gani? La pili, ikiwa baba na binti watakaa chumba kimoja cha mtihani, nani atamwamkia nani?

Rehana (Mandvi), 20:30
Mwambie Bibi kwamba miaka mitano ya mwanzo mwalimu mpya hulipwa mshahara usiobadilika, ambao kwa sasa ni rupia 26,000 kwa mwezi, kisha ndipo anaingia kwenye ngazi za kawaida. La pili halina hofu, vyumba vinagawanywa kwa namba za watahiniwa, hatutaonana mpaka getini.

Mjomba Yusuf (Mombasa), 20:33
Fedha za kuchapisha karatasi za majibu nimemtumia mamako leo mchana. Zimetosha mpaka Desemba?

Rehana (Mandvi), 20:35
Zimetosha na zimebaki, Mjomba, ahsante sana. Kwa ruhusa yako zilizobaki tunanunua bilauri.