Mjadala: Fedha za tabianchi zifungwe na sharti la mwanamke kumiliki ardhi?

Mleta mada

Wadau, naweka hoja mezani bila kuzunguka. Naamini fedha za kuwasaidia wakulima kuhimili mabadiliko ya tabianchi zisitolewe mahali ambapo mwanamke anayelima hawezi kurithi shamba wala kuandikwa jina lake kwenye hati. Najua sharti hili litawaudhi wengi, ndiyo maana nalileta tulijadili.

Tukizungumzia tabianchi na jinsia huwa tunaanza na mwanamke aliyejitwika ndoo. Si uongo. Takwimu za UNICEF na WHO za mwaka 2023 zinasema watu bilioni 1.8 wanaishi kwenye nyumba zisizo na maji, na katika nyumba 7 kati ya 10 za aina hiyo wanaokwenda kuteka ni wanawake na wasichana. Kisima cha karibu kikikauka, ni wao wanaotembea zaidi. Lakini tukishamhurumia mwanamke huyo, mara chache tunamuuliza shamba analolilima ni la nani.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Mwaka 2024 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilichapisha uchambuzi wa kaya zaidi ya 100,000 za vijijini katika nchi 24. Kwa sababu ya joto kali, kaya zinazoongozwa na wanawake hupoteza asilimia 8 zaidi ya mapato yao kuliko zile zinazoongozwa na wanaume. Kwa mafuriko, asilimia 3 zaidi. Jua ni lile lile na mvua ni ile ile. Kinachotofautiana ni kwamba asiye na hati hana dhamana ya kukopea pampu, na fidia au bima ya mazao ikija huandikwa kwa jina la mwenye shamba. Na nani atapanda miti ya kivuli, au kuchimba makinga maji kwa miezi, kwenye ardhi ambayo mume akifa ataondolewa na shemeji zake?

Ushahidi ulionigusa kuliko wote ni wa wachumi Lucia Corno, Nicole Hildebrandt na Alessandra Voena, uliochapishwa mwaka 2020. Walilinganisha ukame na ndoa za utotoni. Afrika kusini mwa Sahara, ambako upande wa mwanamume ndio unaotoa mahari, ukame uliongeza ndoa hizo. India, ambako upande wa msichana ndio unaotoa mali, ukame ulizipunguza. Mvua ilikosekana kote kuwili, na binti akaozwa au akabaki nyumbani kulingana na mali inaelekea mkono gani. Kwa hiyo anayetaka kumlinda binti huyo dhidi ya tabianchi bila kugusa mali hajagusa kitu.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja yako ina nguvu, ila wanaume umewaacha nje. Marekani wengi wanaokufa kwenye mafuriko ni wanaume, na wengi wao hufia ndani ya magari. Mioto ya misituni Australia nayo imeua wanaume wengi kuliko wanawake, baadhi wakijaribu kuokoa nyumba zao. Mwaka 2017 mtafiti Tamma Carleton alionyesha kuwa ongezeko la joto nchini India linahusishwa na watu wapatao 59,300 waliojiua katika kipindi cha miaka 30, na joto lililokuwa na athari ni lile la msimu wa mazao. Wanaoelemewa na madeni ya shamba aghalabu ni akina baba.

Tena tuache ile takwimu kwamba wanawake hufa mara 14 zaidi ya wanaume kwenye majanga. Inanukuliwa kila kona, na hakuna utafiti wa dunia nzima unaoibeba.

Mleta mada

Ya mara 14 nakubaliana nawe, na sikuitumia. Hoja ya haki haihitaji kusimama juu ya namba isiyo na msingi. Mwaka 1991 kimbunga kiliua watu wapatao 140,000 Bangladesh. Watafiti waliohesabu vifo baadaye walikuta kwamba walioumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka 10 na wanawake wa zaidi ya miaka 40. Katika kundi hilo la wanawake, walikufa asilimia 31. Hilo ni zito vya kutosha bila kutiwa chumvi.

Halafu watafiti Eric Neumayer na Thomas Plümper walipitia majanga katika nchi 141, kuanzia 1981 hadi 2002. Kwa wastani majanga hupunguza umri wa kuishi wa wanawake kuliko wa wanaume, na pengo hilo hupungua kadiri hali ya kiuchumi na kijamii ya wanawake inavyokuwa bora. Kama tatizo lingekuwa maumbile tu, pengo lisingesogezwa na elimu wala mali.

Kuhusu akina baba na madeni, mimi nasoma ushahidi wako kwa upande wangu. Shamba likiwa la jina moja, na deni ni la jina moja. Mwanamume anakopa peke yake, mazao yanaungua, na mara nyingi mkewe analijua deni siku wadai wanapobisha hodi. Hati ya pamoja inawafanya wawili waamue pamoja kukopa au kutokopa. Hapo namtetea mwanamume pia, na nasema hivyo kwa moyo wote.

Mchangiaji wa pili

Mimi napinga moja kwa moja. Fedha hizi si sadaka. Ni deni la waliochafua anga kwa miaka mingi kwa wale ambao hawakuchafua. Anayelipa deni hampangii anayemdai namna ya kuendesha nyumba yake. Tumeshaona mikopo yenye masharti ilivyobana bajeti za afya na shule.

Na usawa wenyewe uanzie juu. Januari 2024 kamati ya maandalizi ya COP29, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, ilitangazwa ikiwa na wanaume 28, hakuna mwanamke hata mmoja. Wanawake 12 waliongezwa baada ya malalamiko. Mkutano wa dunia nzima!

Kubwa zaidi ni hili: ukizuia fedha kwa sababu sheria ya nchi ni mbovu, mwanamke asiye na hati atakosa ardhi na atakosa msaada pia. Umemwadhibu mara mbili.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni afisa ugani, ni mama, na kazi yangu ni mashambani kila msimu. Wote mnaongea kana kwamba hati ni dawa. Mwanamke anaweza kuwa na haki ya kutumia shamba la ukoo bila karatasi yoyote. Wapimaji wakija, wakamuuliza mkuu wa kaya, wakaandika jina lake peke yake, ile haki aliyokuwa nayo imekufa siku hiyo.

Angalieni Rwanda. Watafiti Daniel Ali, Klaus Deininger na Markus Goldstein walichunguza maeneo ya majaribio ya urasimishaji wa ardhi, yaani kuisajili rasmi kwa majina ya wenyewe. Baada ya kurasimisha, watu waliwekeza zaidi katika kuhifadhi udongo, na ongezeko lilikuwa kubwa hasa kwenye kaya zinazoongozwa na wanawake. Mleta mada, huo ni ushindi wako, maana kuhifadhi udongo ndiko kuhimili tabianchi kwenyewe. Wake wenye ndoa za kisheria walifaidika. Lakini wanawake walioishi na wanaume bila ndoa iliyosajiliwa, haki zao zilipungua. Zoezi lile lile.

Mchangiaji wa nne

Mbona mnahangaika na ardhi? Wasichana wasomeshwe, wazae wachache, hewa ukaa itapungua.

Mleta mada

Wasomeshwe kwa sababu ni haki yao. Nchi ambako wanawake huzaa watoto wengi ndizo zinazochafua anga kidogo sana kwa kila mtu. Kulipeleka tatizo la viwanda na magari kwenye tumbo la mwanamke asiye na umeme ni dhuluma, na sitaki kulirefusha.

Narudi kwa mchangiaji wa pili, maana hoja yake ya adhabu mara mbili ndiyo nzito kuliko zote hapa. Sharti ninalolitaka liibane serikali na mfadhili kwa pamoja. Sehemu ya fedha iende kulipia usajili wa ardhi kwa majina ya wawili. Wakati sheria inarekebishwa, fedha za mbegu, maji na bima ziende kwa vikundi vya wanawake bila kudai hati. Kinachozuiwa ni zile zinazopita mikononi mwa ofisi ambazo zimekataa kumwandika mwanamke. Ni kweli ni deni, lakini anayedaiwa hadaiwi na serikali peke yake. Anadaiwa na mkulima pia, na miongoni mwa wakulima wamo wanawake wengi.

Mchangiaji wa pili

Hapo umelegeza vizuri. Ila ofisi ikisema "tunarekebisha" kwa miaka 10, nani ataamua kwamba wanadanganya? Ukisema mfadhili, bado napinga.

Mchangiaji wa tatu

Na mimi bado sijajibiwa. Kwenye daftari la ardhi kuna mistari miwili ya majina. Mwanamume ana wake wawili, ndoa ya wa pili haikusajiliwa popote, na huyo wa pili ndiye anayelima bonde linalofurika. Niambieni naandika jina la nani.