Tupeane uzoefu: Kwa gari kutoka maziwa ya Alpi hadi pwani ya kusini mwa Italia

Mtoto_wa_Tanga
Wakuu, nipo Ujerumani ya kusini. Bi mkubwa anakuja Julai na nimemuahidi bahari. Nawaza tulale Ziwa Como siku kadhaa, Varenna au Menaggio, halafu tuteremke na barabara kuu A1 mpaka Napoli, tuendelee hadi Salerno, na nguvu zikibaki tufike Puglia. Gari langu mwenyewe, dizeli. Waliopita huko tupeane uzoefu: malipo, foleni, faini. Linki za watalii sitaki, nataka mliyoyaona.

Dereva_wa_Usiku
Ondoka Como saa kumi na moja alfajiri, Milano ulipite watu hawajaamka. Tiketi unachukua unapoingia autostrada (hizo barabara kuu zao), unalipa unapotoka. Ukiipoteza wanakuhesabia umetoka mbali kuliko wote. Njia ya manjano ya Telepass usiiguse kama huna kifaa chao cha kulipia. Mwendo 130, mvua ikinyesha 110. Na ule ujanja wa kukanyaga breki mbele ya kamera haufanyi kazi, kuna vipande wanapima wastani wako kutoka kamera hii hadi ile.

Msafiri254
Kamera za barabarani si kitu, ogopa za mjini. Sisi tulifika hoteli usiku kwa mji fulani wa zamani huko Toscana, barabara tupu, hakuna askari wala kizuizi. Miezi ikapita, barua zikaanza kuja. Ni ile ZTL yao, eneo la katikati ambalo magari ya wageni hayaruhusiwi. Kila ukipita lango ni faini yake pekee. Na kampuni ya kukodisha nayo ikanikata pesa kwa kazi ya kupeana jina langu tu. Mpigie mwenye hoteli mapema, umpe namba ya gari aisajili.

Mwanakwetu
Hapo kwenye barua umeongea.

Mama_Wawili
Mmenikumbusha mbali. Mimi ni yule mke aliyeachwa sheli.

Tulikuwa tunatoka Garda kwenda Calabria, usiku, tumeshapita Bologna, tuko kule milimani. Nimelala siti ya nyuma na watoto, nimejifunika khanga gubigubi. Baba watoto akasimama kuweka mafuta. Alipoingia ndani kulipa nikashuka taratibu nisiwaamshe watoto, nikaenda msalani, khanga nimeiacha juu ya mto na begi. Narudi, pampu ipo, gari haipo.

Kwanza nikasema kasogeza tu. Nikazunguka yale malori yaliyolala, naita jina lake kwa sauti ya adabu. Baadaye adabu iliisha. Simu iko ndani ya gari inachaji. Mimi nina ndala na sarafu za kahawa.

Ndani kulikuwa na dada anauza kahawa. Kitaliano changu ni salamu na bei. Nikamwonyesha kwa mikono: usukani, mume, vuum! Akacheka, halafu akaniangalia usoni akaacha. Akanipa simu yake. Sasa namba ya mume wangu siijui kichwani! Ninayoijua ni ya mama yangu, Morogoro. Kwao ni usiku wa manane. Nikampigia.

Mama akampigia mkwe wake. Mwenzenu anaendesha, anaona Mama Mkwe anapiga saa hizo, moyo ukamwambia ni msiba.
"Mama, shikamoo."
"Marahaba. Mke wako yuko wapi?"
"Amelala hapa nyuma."
"Hebu mguse."

Na kule kurudi si suala la kugeuza. Katikati kuna ukuta. Ilibidi aende mpaka mlango unaofuata, atoke, aingie upande wa kurudi, anipite niko ng'ambo namuona taa tu, atoke tena mlango wa nyuma yangu, ndipo aingie upya. Yule dada hakukubali nilipe kahawa. Watoto hawakuamka hata mmoja.

Mwanakwetu
HEBU MGUSE 😂😂😂

Mnyalukolo
Chai hii. Mtu aendeshe kilomita zote hizo hajui gari imepungua mtu?

Mama_Wawili
@Mnyalukolo njoo nikupe namba ya mama yangu umuulize yeye hiyo chai.

Msafiri254
Na bado mko pamoja?

Mama_Wawili
Tupo. Mama ndiye hajamaliza.

Dereva_wa_Usiku
Ndiyo maana mimi husimama zile sheli zilizojengwa kama daraja juu ya barabara, kama ile ya Fiorenzuola d'Arda ya mwaka 1959. Unaingia huku unatokea ng'ambo. Angesimama upande wa pili, wewe ungevuka kwa miguu.

Mama_Wawili
Ningevuka wakati mwenye gari hajui kama sipo?

Bint_Maskati
Asalaam aleykum. Jamani turudi kwa mwenye mada. Ukifika Salerno, ile barabara ya Amalfi, SS163, usiingie nayo na gari kubwa. Basi likija, wewe ndiye wa kurudi nyuma, jabali huku, bahari kule. Tena majira ya joto kuna siku wanaruhusu magari kwa zamu, namba ya mwisho witiri leo, shufwa kesho. Weka gari Salerno upande boti, mama ataona mji wote kutoka baharini bila ya kushikwa na kizunguzungu.

Mnyalukolo
Aliyepita Kitonga haogopi kona za Wazungu.

Bint_Maskati
Kitonga malori mawili yanapishana, kaka. Pale vigari viwili vidogo vinavunjana vioo.

Njia_Panda
Kama mwisho ni Puglia, A1 ya nini? Bologna kamata A14, inafuata bahari ya Adriatiki, mwisho inakata ndani mpaka Taranto. Rimini kunajaa, zaidi ya hapo raha.

Dereva_wa_Usiku
Na Salerno aione kwenye picha? Baki na A1. Ukitoka Salerno kushuka Calabria, A2 hulipi hata senti. Ila Agosti msiende, wiki ya tarehe 15 Italia nzima iko barabarani.

Njia_Panda
Sawa, mwenye barabara. Kijana, ukipita Uswisi stika ya barabara kuu ni faranga 40, hata ukipita siku moja unalipia mwaka. Jumamosi foleni ya handaki la Gotthard itakuzeesha, pitia San Bernardino.

Msafiri254
San Bernardino na mama mzee? Kona zote hizo? Amka mapema, Gotthard iko sawa.

Mtoto_wa_Tanga
Asanteni wote. Bi mkubwa nimemsomea kwenye simu. Kasema atakaa mbele.

Mwanakwetu
Na namba yako aikariri.

Mjomba_Keko
Samahani nimechelewa. Hizo barua za ZTL, usipolipa wanakufuata mpaka Dar?