Stow imeigeuza ~/.config yote kuwa kiungo, narudije nyuma?

mlinzi_wa_seva
Wakuu, nimehamia seva mpya, Debian, naingia kwa SSH tu. Mipangilio yangu iko kwenye folda moja ya Git, ~/mipangilio, na ndani kila programu ina folda yake: bash, nvim, tmux. Nikafanya nilichozoea, kuiachia Stow iweke viungo (symlink) vya mafaili hayo kwenye folda yangu ya nyumbani, ~:

`sudo apt install stow`
`cd ~/mipangilio`
`stow nvim`

Kimya, na kwa Stow kimya ni heri. Nvim ikafunguka na rangi zangu zote, nikaenda kulala.

Leo nimebadilisha mstari mmoja, nikaandika `git status`, nakutana na `nvim/.config/htop/` na folda nyingine ya programu inayohifadhi tokeni yake (ufunguo wa siri wa kuingilia) humo. Sijaziweka mimi! Nikapiga `ls -ld ~/.config`:

`.config -> mipangilio/nvim/.config`

Kwenye seva ya zamani amri hiyo hiyo iliunganisha nvim peke yake. Halafu `stow bash` imegoma, eti .bashrc ipo tayari. Kuna mahali nimeona watu wanashauri `--adopt`, ila mkono umekuwa mzito kubonyeza Enter.

kamba_mbili
Amri ni ile ile, seva ndiyo tofauti. Stow hupenda viungo vichache iwezekanavyo. Ikikuta ~/.config haipo, haihangaiki kuitengeneza, inaweka kiungo kimoja juu kabisa na kazi imeisha. Kule kwa zamani folda ilikuwepo, ndiyo maana ilishuka ngazi moja chini. Sasa kila programu inayoandika ~/.config inaandika ndani ya repo yako (ile folda ya Git) bila kujua.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

`stow -D nvim`
`mkdir ~/.config`
`mv nvim/.config/htop ~/.config/`
(na ile ya tokeni vivyo hivyo)
`stow -nv nvim`

Hiyo -n haigusi kitu, inakuonyesha tu itakachofanya. Ukiridhika, iondoe. Usianze na `stow tmux` ukidhani itajirekebisha: kama tmux nayo ina .config, Stow itafungua folda kweli, lakini htop na tokeni zitabaki repo, zikiwa na viungo vyao.

Ulishafanya `git push`?

mlinzi_wa_seva
Hapana, hata `git add` bado.

kamba_mbili
Basi umepona. Ingekuwa imeshapanda, kufuta faili kusingetosha, ungebatilisha tokeni na kutoa nyingine.

perl_mkongwe
Kuhusu `--adopt`: jina lake linapotosha. Inachukua .bashrc ya seva, inaihamishia ndani ya repo JUU ya ile yako, kisha inaweka kiungo. Ukiwa umeshafanya commit (kuhifadhi toleo kwenye Git) si msiba, `git diff` itakuonyesha tofauti na `git checkout bash/.bashrc` itarudisha yako. Usipokuwa umefanya, yako imekwenda. Mimi hutumia njia ya kizee: `mv ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani`, kisha `stow bash`.

Na ukichoka kukumbuka mkdir kila seva mpya, tumia `--no-folding`. Inatengeneza folda halisi na kuunganisha faili moja moja. Ubaya wake, ukiongeza faili jipya kwenye repo halionekani mpaka upige `stow -R`, yaani kuunganisha upya. Binafsi siipendi, lakini kwenye .config naivumilia.

mlinzi_wa_seva
Imekubali. `ls -l ~/.config` sasa inaonyesha htop folda halisi, nvim kiungo, na `git status` imebaki na ule mstari wangu mmoja. .bashrc nimefuata njia ya kizee.

Nikiwa humo nikapiga `find ~ -xtype l`, nikakuta kiungo cha .vimrc nilichokiweka kwa mkono kwa `ln -s` siku ya kwanza, kinaelekea folda niliyoibadilisha jina saa ileile. Nimekifuta kimyakimya.