Ushauri: Tunashuka Dar likizo ya Juni, ndugu wako Mbagala, Kibada na Tegeta. Tupange vipi na matembezi?

Mtoto wa Area C
Wadau, habari za muda huu. Shule zikifungwa tunashuka Dar kwa SGR kutoka Dodoma: mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 6 na 11) na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tunafika 27 Juni jioni, tunarudi 6 Julai. Tutafikia kwa shangazi, Mbagala Rangi Tatu. Baba mdogo yuko Kibada, kaka mkubwa yuko Tegeta, na kila mmoja keshasema lazima tushinde kwake. Watoto wanataka bahari na kisiwa, mama mkwe anataka Bagamoyo, mimi nataka maonyesho ya biashara ya Sabasaba. Hatuna gari. Naomba mwongozo wa kupanga siku, usafiri, na zawadi gani za kubeba. Nawasilisha.

Fundi Ratiba
Mkuu karibu. Ukianza na orodha ya vivutio utaumia. Dar panga kwa barabara. Ndugu zako wako kwenye barabara mbili tu: Kilwa Road (Mbagala, na Kibada kwa kuzungukia Kongowe) na Bagamoyo Road (Tegeta). Katikati kuna mjini. Siku moja, barabara moja. Ukitoka Mbagala asubuhi kwenda Tegeta na kurudi jioni ileile, umekata jiji zima mara mbili na watoto mapajani.

Kwa hiyo gawa safari vipande viwili. Siku nne au tano za mwanzo kaa Mbagala: siku ya kwanza nyumbani kwa shangazi bila kwenda popote (mtakuwa mmechoka na yeye atakuwa amepika), kisha Kibada, kisha Sabasaba, kisha mjini. Halafu hamisheni mabegi Tegeta, mlale huko siku tatu, mfanye kisiwa na Bagamoyo. Usiku wa mwisho rudini Mbagala mkamuage shangazi, maana kuondoka kupitia Tegeta moja kwa moja hadi stesheni atalichukulia vibaya, na ana haki.

Kosa la wageni wengi ni kupanga ndugu wawili kwa siku moja. Ukisema "tutapita saa nne", chakula kitaiva saa nane, na kabla ya saa kumi hamtoki. Ziara ya ndugu ni siku nzima, iandike hivyo.

Sabasaba inaanza 28 Juni, viwanja vya Mwalimu Nyerere, palepale Kilwa Road, hivyo kwenu ni daladala moja. Siku mbili tatu za mwanzo mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari. Nenda 1 hadi 3 Julai, epuka Jumamosi na Jumapili. Ingieni asubuhi, mtoke kabla ya saa kumi jioni, kwa sababu kuanzia saa kumi na moja foleni ya kutoka mjini inakutana na watu wanaotoka maonyesho. Mtoto wa miaka 6 muwekee karatasi yenye namba ya simu mfukoni, na mkubaliane mapema banda la kukutana mtu akipotea. Mtandao unaweza kuzidiwa mle ndani, usitegemee kupiga.

Mama Kongowe
Nikazie la Kibada. Watu watakwambia uende mjini ukapande kivuko cha Kigamboni. Kwa aliyeko Rangi Tatu hiyo ni kuzunguka bure. Kuna barabara ya Kongowe kwenda Kibada na Mjimwema. Panda daladala za njia hiyo, unafika kwa baba mdogo bila kuona Posta, katikati ya jiji.

Kivuko kifanyeni kama matembezi, siku ya mjini. Safari yenyewe ni dakika chache tu, lakini watoto wanafurahi kuliko mnavyodhani. Msongamano una upande: asubuhi watu wanatoka Kigamboni kuja kazini, jioni wanarudi. Nyinyi vukeni saa tatu asubuhi kutoka Magogoni, mrudi saa tano, hamtasukumana. Mama mkwe mshikeni mkono pale penye mteremko wa kuingilia: maji yakiwa yamekupwa, mteremko unakuwa mkali na unateleza.

Daraja la Nyerere, lile la Kurasini lililofunguliwa 2016, lina mita 680 na watembea kwa miguu wanapita bila kulipa. Jioni pana upepo mzuri. Si lazima.

Baharia Mpwani
Suala la kisiwa, nisomeni vizuri, maana hapa ndipo pesa zinapopotea.

Bahari ya Dar inapwa na kujaa sana. Siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inazidi mita tatu. Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa tarehe za Kiislamu ni kama 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo maji yanakuwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Maji mafu, kwenye tarehe 8 na 22 hivi, ni kinyume: saa nne asubuhi maji yako juu, na tofauti yake ni ndogo. Katikati ya hapo, kila siku sogeza mbele dakika kama 50.

Maana yake kwenu: ukienda ufukweni siku ya bamvua saa nne asubuhi utakuta tope, mawe na majani ya bahari, na watoto wataanza kulia. Coco Beach siku hiyo nendeni saa nane mchana. Kwa kisiwa cha Mbudya chagueni siku iliyo karibu na maji mafu. Boti inasogea karibu, mnapanda mkilowa magotini tu. Bamvua asubuhi boti inakaa mbali na mnatembea majini juu ya mawe yenye viumbe weusi wa miiba. Vaeni viatu vya plastiki hata kama maji yako juu.

Pili, upepo. Juni na Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Asubuhi bahari imetulia, kuanzia saa nane mawimbi yanapanda na mnarudi mmelowa. Ondokeni saa tatu, mrudi kabla ya saa tisa. Ogeleeni upande wa magharibi wa kisiwa, unaotazama bara. Upande wa mashariki unapigwa na wimbi, msiingie.

Tatu, malipo. Yako mawili: nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi ya bahari, kwa sababu visiwa vya Mbudya na Bongoyo vyote ni hifadhi. Kiingilio ni cha serikali, kinalipwa kwa kontroli namba na unapewa risiti. Mtu akikupa bei moja ya jumla, muulize kiingilio kimo au hakimo, kabla hujakanyaga boti. Kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni wa nje, kwa hiyo bebeni vitambulisho. Jaketi okozi za watoto ziwe saizi ya mtoto. La mtu mzima linamvuka kichwani akianguka majini. Hakuna ya mtoto? Shukeni, tafuteni boti nyingine.

Kisiwani hakuna maji ya bomba. Bebeni lita mbili kwa kila mtu, kofia, na mkeka. Samaki wa kukaanga wapo: agizeni mkifika, si mkisikia njaa, maana jiko ni la mkaa na foleni ni ndefu. Uliza bei ya samaki ukimwonyesha kwa kidole.

Tegeta Kwa Ndevu
Baharia kamaliza. Kwa kutokea Tegeta boti za Mbudya ziko jirani: shuka Mtongani, bajaji mpaka ufukweni Kunduchi. Bongoyo inaendewa kutoka Msasani, waachieni wa huko.

Bagamoyo ni kama kilomita 45 kutoka Tegeta. Mabasi madogo yanaanzia stendi ya Makumbusho na yakifika kwetu mara nyingi yameshajaa. Watu watano mkiwa na mama mwenye magoti hamtapata viti pamoja. Ama muulize kaka kama kuna jirani mwenye gari la Noah la kukodi kutwa, ama mrudi nyuma Makumbusho mkapandie pale. Mimi ningekodi.

Anzeni Kaole, kilomita 5 hivi kabla ya mji. Ni magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi, hakuna kivuli cha maana, kwa hiyo iwe kabla ya saa nne. Kisha misheni ya Wakatoliki ya mwaka 1868: hapo mwili wa Livingstone ulilazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Miti mingi, viti vipo, mama mkwe atapumzika. Malizieni soko la samaki ufukweni. Saa tisa muwe njiani.

Jumamosi au Jumapili alasiri kuna ngoma Kijiji cha Makumbusho, Bagamoyo Road. Nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, na tembe ya Kigogo imo, watoto waione wakiwa ugenini. Pametandazika, magoti hayatateseka.

Mtoto wa Area C
Wakuu mmenipa zaidi ya nilichoomba. Kuna anayenishawishi twende Zanzibar kutwa. Na zawadi je?

Fundi Ratiba
Zanzibar kutwa achana nayo. Boti iendayo kasi inakaribia saa mbili kwenda, nyingine kurudi, na kusi hili nusu ya familia itatapika. Ukiongeza ukaguzi bandarini, unabaki na muda wa kula urojo na kurudi.

Zawadi: zabibu Juni si msimu wake, usijisumbue. Karanga, ubuyu, na mlenda mkavu, hivyo havipatikani kwa ubora huo mjini. Mafuta ya alizeti ni mazuri ila funga kifuniko kwa nailoni na gundi ya karatasi, dumu lisimame wima. Likimwagika kwenye behewa, mmeharibu mizigo ya watu. Na popote mnapoingia, sukari kilo mbili na nyama kilo moja. Mkiwa watano, mwenyeji analisha.

Tiketi: mtoto wa 6 na wa 11 wote ni nusu nauli. Treni ya kawaida mtu mzima ilipangwa 31,000, mtoto wa miaka 4 hadi 12 ni 15,500. Kateni mapema, likizo inajaa.

Chogo Mkavu
Naongeza siku ya mjini. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, asubuhi: habari za fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, lililopatikana Olduvai 1959, na magari ya viongozi. Saa moja na nusu inatosha kwa watoto. Kisha tembeeni mpaka Feri, soko la samaki karibu na kivuko, mle samaki.

Mkitaka kurudi na samaki Dodoma, wabichi na treni haviendani: barafu inayeyuka, maji yananuka. Nunueni Feri siku moja kabla ya safari, mapema mnada ukiwa unaendelea. Angalia matamvua mekundu na macho yaliyojaa; macho yaliyozama ni wa jana. Wapeni wapaaji palepale, mkawakaange kwa shangazi mpaka wakauke kabisa, wapoe usiku kucha bila kufunikwa, ndipo mfunge kwa magazeti ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ukiwafunga wakiwa na moto wanatoa jasho na kuoza njiani.

Mtoto wa Area C
Nimeelewa. Kisiwani mama mkwe aende au abaki?

Baharia Mpwani
Abaki Tegeta na shemeji yako, mke wa kaka. Boti za Kunduchi unaingilia majini na kurukia ubavuni, hakuna gati. Jioni mpelekeni Coco Beach akale mihogo ya kukaanga, jua linazama saa kumi na mbili na robo.