Naomba ushauri: tulichangia urasimishaji, hati hatuzioni

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari za leo. Naishi Dar es Salaam, mtaa uliojengwa bila kupimwa, nyumba ya urithi ya vyumba sita: viwili vyetu, vinne vya wapangaji.

Miaka mitatu iliyopita tulichangia urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja tulivyokwisha kujenga ili tupate hati miliki, shilingi 150,000 kila kiwanja. Kampuni ikaja, ikapima, ikachimbia bikoni (zile alama za mipaka ya kiwanja), ikapotea. Bikoni yetu moja sasa iko chini ya karo la jirani. Mama katunza risiti ndani ya msahafu wake, kila wiki ananiuliza.

Kinachoniuma zaidi ni njia. Mchoro ulionyesha barabara ya mita nne, lakini kuna mtu kaongeza chumba hapohapo na gari la kunyonya majitaka halipiti tena. Masika haya choo kilifurika hadi mlangoni kwa mpangaji mwenye mtoto mchanga. Nililia, kusema kweli.

Wapo wanaonishauri nikate kwanza leseni ya makazi, kibali cha kukaa kwenye eneo lisilopimwa, ile iliyomo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Lakini leseni ni ya muda mfupi, hati inaweza kufika miaka 99. Nikiichukua, si nitaonekana nimeachana na hati?

Na manispaa twende kama kamati ya mtaa au kila mtu na risiti yake? Aliyejenga njiani anaondolewa na nani? Aliyewahi kupata hati akiwa na leseni mkononi, tafadhali anieleze alianzia ofisi gani.